Madawati yanayumba, bosi kasema nisilipe hata senti

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Safu hii naisoma siku zote ila sijawahi kuandika. Leo naandika usiku kwa sababu mchana simu haiachi kuita. Mimi ni afisa katika taasisi ya umma, na mwaka huu niliteuliwa kuwa msimamizi wa mkataba wa kununua madawati 600. Sikuwahi kusimamia mkataba kabla ya huu. Nilipewa barua ya uteuzi ya nusu ukurasa na nakala ya mkataba, basi.

Mzabuni alichelewa wiki tatu. Nisiwe mwongo, wiki moja kati ya hizo ilikuwa yetu, maana tulikuwa bado hatujamwambia ashushe wapi. Lori la mwisho likafika Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kamati ya mapokezi tulikuwa watatu, wawili wameshabeba mikoba. Tukahesabu, tukakalia mawili matatu, tukatia saini hati: "Yamepokelewa yote 600, katika hali nzuri." Jumatatu mtu wa stoo akaniita. Alikuwa ameegemea dawati moja, nalo likawa linacheza. Nikainama kuangalia. Mguu wa nyuma ulichomelewa nukta mbili tu, moja juu na moja chini, katikati mwanga unapita. Tukayapitia yote kwa siku mbili. Tukapata mabovu 48: 36 miguu haijachomelewa sawasawa, na 12 fremu yenyewe imepinda.

Nikamweleza bosi. Akasema, "Usilipe hata senti mpaka arekebishe yote." Ankara iko kwenye droo yangu, leo siku ya 68, na mkataba unasema tulipe ndani ya siku 30. Hatujamwandikia chochote. Nilimwambia kwa simu tu kwamba kuna "mambo madogo" yanashughulikiwa. Anapiga kila asubuhi. Mwanzoni alikuwa mkali, siku hizi kalainika, na juzi akasema, "Kaka, kama kuna namna ya kuelewana, niambie tu." Nikakata simu.

Kuna mengine. Mkuu wa fedha anasema mzabuni huyuhuyo alitutengenezea viti miaka miwili iliyopita kwa mkataba mwingine, kazi ikawa mbovu, kwa hiyo tukate hasara ile humuhumu. Bosi naye ameniagiza niandae hati mpya ya mapokezi inayoonyesha kasoro, kwa tarehe ileile ya Ijumaa, ili "jalada liwe safi". Na mhasibu mmoja, rafiki yangu, kaninong'oneza kwamba fedha za madawati zimeshahamishiwa kwingine, na kwamba kasoro hizi "zimetuokoa".

Nikilipa, mkaguzi atasema nimelipia mali mbovu. Nisipolipa, naona namdhulumu mtu. Nifanye nini?

Mwenye droo

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilihesabu madawati, mara ya pili nikahesabu siku. Madawati yako 48 ni tatizo la kawaida ambalo kila msimamizi wa mkataba hukutana nalo, na dawa yake ipo. Siku 68 bila barua ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hapo mwenye kosa si mzabuni tena.

Kuzuia malipo ni haki ya mnunuzi, lakini ni haki inayotumika kwa maandishi. Unamwandikia mtu: nazuia kiasi hiki, kwa sababu hii, kwa kifungu hiki, mpaka ufanye hiki. Ukinyamaza, hujazuia kitu, umechelewa kulipa tu, na anayechelewa kulipa kavunja mkataba. Bosi wako anaamini mko kwenye nafasi ya nguvu kwa kuwa fedha bado ziko kwenu. Mbele ya msuluhishi au hakimu, swali la kwanza litakuwa: mlimwarifu lini? Nawe utasema ulimwambia kwa simu kuna mambo madogo.

Uingereza walilipeleka jambo hili mpaka kwenye sheria. Sheria yao ya mikataba ya ujenzi ya mwaka 1996 inamkataza mlipaji kupunguza malipo yaliyofika muda wake bila kwanza kutoa taarifa, na kwa utaratibu wa sasa taarifa hiyo lazima itaje kiasi anachoona kinadaiwa na namna alivyokifikia. Ukikosa kutoa taarifa, unalipa kiasi kilichoarifiwa chote kwanza, ugomvi wa ubora baadaye. Hiyo ni sheria ya ujenzi na ni ya kwao, haikuhusu wewe wa madawati. Nakuonyesha tu jinsi watu waliochoshwa na droo kama yako walivyoamua.

Sasa tuje kwenye kiasi. Kasoro ni ya madawati 48, zuio ni la madawati 600. Hebu tupige hesabu pamoja, tuseme mkataba wote una thamani ya 100.

Yale 12 yaliyopinda hayatengenezeki. Hayo unayakataa rasmi, unataka mengine, na unazuia bei yake nzima. Kumi na mbili kati ya 600 ni 2 katika 100. Yale 36 ya miguu yanatengenezeka. Bei yake ni 6 katika 100, lakini huwezi kuzuia 6, kwa sababu mbao ni nzima, fremu ni nzima, rangi ipo, kilichokosekana ni mchomeleo. Unazuia gharama ya kurekebisha. Mwite fundi mwingine, ikiwezekana wawili, wakupe makadirio kwa maandishi. Wakisema, kwa mfano, robo ya bei ya dawati, basi unazuia 1.5. Bado kuna ucheleweshaji. Mikataba mingi ya bidhaa huweka fidia ya asilimia fulani kwa wiki, na huweka ukomo, mara nyingi asilimia 10 ya bei ya mkataba. Tuseme wako unasema nusu asilimia kwa wiki. Bosi atataka wiki tatu. Wewe mwenyewe umeniambia moja ni yenu, basi zinabaki mbili, yaani 1. Hiyo wiki yenu isiishie kichwani mwako. Mwombee mzabuni nyongeza ya muda rasmi kwa utaratibu wa mkataba, ili jalada lieleze kwa nini mmekata wiki mbili na si tatu. (Na angalia mkataba wako unasemaje juu ya bidhaa iliyokataliwa. Ipo inayoihesabu kama haijafika kabisa, na hapo saa ya fidia kwa yale 12 inaendelea kutembea.)

Jumlisha: 2, na 1.5, na 1. Ni 4.5. Mzabuni anatakiwa kuwa ameshalipwa 95.5 tangu siku ya 30. Nyinyi mmeshikilia 100 kwa ajili ya nne na nusu.

Ndani ya hiyo nne na nusu pia kuna vitu viwili tofauti, na ofisi nyingi huvichanganya. Ile 3.5 ya kasoro umeizuia. Bado ni mali ya mzabuni, inamsubiri, siku akileta madawati 12 mapya na kuchomelea 36 unamrudishia. Ile 1 ya ucheleweshaji umeikata, hairudi, hata akileta madawati ya dhahabu. Kwenye vocha viwe mistari miwili, kila mmoja na kifungu chake. Nimeona zuio likisahaulika miaka hadi likageuka makato, hakuna aliyeliamua, ni kwa sababu tu liliandikwa neno moja la jumla, "punguzo", na aliyeliandika akahama.

Bosi wako atakuambia tukimlipa hatarudi kurekebisha. Hoja hii ina uzito, nisiidharau, wapo wazabuni wa aina hiyo. Lakini fikiria upande wa pili. Huyu mtu kanunua vyuma na mbao kwa mkopo au kwa mtaji wake, mafundi wake wanamdai, ana siku 68 hajaona kitu. Unamtaka alete lori, mafundi, na madawati 12 mapya kwa fedha ipi? Umemfunga mikono, halafu unamwambia achomelee. Usalama wako haumo kwenye kushikilia kila kitu. Umo kwenye dhamana ya utendaji aliyoiweka alipotia saini, yaani ahadi ya benki ya kuwalipa nyinyi asipotimiza mkataba, na kwenye kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya kupokea ambao bado anawajibika kwa kasoro, ambacho kwa bidhaa mara nyingi ni miezi 12. Nenda kaangalie dhamana hiyo inaisha tarehe ngapi. Kaangalie kesho. Ikiwa imebaki mwezi mmoja, mwandikie aiongeze muda, kwa sababu dhamana ya benki iliyopita tarehe ni karatasi tu.

Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo wanaosimamia ujenzi wanaifahamu kama wimbo, inaliweka jambo hili vizuri. Katika toleo la mwaka 1999, mhandisi hawezi kukataa kutoa hati ya malipo kwa sababu kuna kasoro. Anachoruhusiwa ni kuzuia gharama ya kurekebisha au kubadilisha kile kibovu mpaka kirekebishwe. Nyingine zote zinalipwa, tena ndani ya siku 56 tangu apokee maombi yenye vielelezo. Zisipolipwa, mkandarasi anadai gharama ya fedha, ambayo ni kama riba, inayolimbikizwa kila mwezi, na akishatoa notisi ya siku 21 anaruhusiwa kupunguza kasi au kusimamisha kazi. Madawati hayana FIDIC, najua. Ila chukua hicho kitu kimoja, zuio linafuata kasoro, halifuati hasira, na uende kwenye masharti ya jumla ya mkataba wako ukatafute kifungu kinachofanana. Kipo. Kama hakipo, usimzuie kwa jina la "taratibu za ofisi", kwa sababu taratibu za ofisi yeye hakuzitia saini. Mwone mwanasheria wenu.

Hati ya mapokezi sasa. Hapa nikukemee kidogo, kisha nikusaidie. Ijumaa saa kumi na moja si saa ya kupokea madawati 600. Mngeandika "Yamehesabiwa 600, ukaguzi wa ubora utafanyika Jumatatu", maneno hayo tu, msingekuwa hapa. Mmeandika "katika hali nzuri" na mkasaini watatu. Na mguu unaopitisha mwanga si kasoro iliyojificha, mkono ungeikuta.

Lakini hati hiyo si mwisho wa dunia. Mkataba wenye kipindi cha matazamio unakupa nafasi ya kudai kasoro hata baada ya kupokea, sharti uarifu mapema. Ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa ya kimataifa, wa Vienna wa mwaka 1980, unamtaka mnunuzi akague bidhaa katika muda mfupi kadiri hali inavyoruhusu, na anayekaa bila kumwarifu muuzaji ndani ya muda wa kuridhisha anapoteza haki ya kulalamikia kasoro hiyo. Huo ni wa wauzaji na wanunuzi wa nchi tofauti, lakini utaona mawazo hayohayo kwenye mikataba mingi ya ndani. Nyinyi kasoro mmeijua Jumatatu na siku mbili zilizofuata. Kila wiki inayopita bila barua inawachimbia shimo.

Kuhusu hati mpya yenye tarehe ya zamani: usiandike. Sitaki tuzungushe maneno. Hiyo ni kughushi, na saini itakayokuwa chini yake ni yako, ya bosi haitakuwepo. Mzabuni ana nakala ya ile ya kwanza, dereva wa lori ana nakala, na siku mkisimama mbele ya mtu wa tatu zikatolewa hati mbili za Ijumaa moja, hata madawati 48 ya kweli hayataaminika tena. Cha kufanya ni hiki: andika taarifa ya ukaguzi yenye tarehe ya leo. Eleza ukweli. Kwamba mlipokea Ijumaa jioni kwa kuhesabu, kwamba ukaguzi kamili ulifanyika Jumatatu na siku zilizofuata, kwamba haya ndiyo yaliyoonekana. Ambatisha orodha ya madawati 48, kila moja na namba yake. Kama hayana namba, yapige namba kwa rangi. Na picha, si picha ya rundo, picha ya kiungo kimojakimoja, ikiwezekana na rula pembeni. Mtu wa stoo asaini, maana ndiye shahidi wa kwanza. Utaaibika kidogo kukiri mlisaini haraka. Aibu hiyo ina mwisho.

Kumbe na ile ya viti vya miaka miwili iliyopita. Mwambie mkuu wa fedha akujibu maswali mawili. La kwanza, mkataba wa madawati una kifungu kinachoruhusu kukata deni la mkataba mwingine? Ipo mikataba ya serikali inayosema wazi "chini ya mkataba huu au mwingine wowote", na ipo iliyonyamaza. La pili ndilo gumu: lile deni la viti nani alilithibitisha? Kuna barua ya madai, kuna tathmini, mzabuni alikubali, au kuna uamuzi wa msuluhishi? Kama jibu ni kwamba "kila mtu anajua kazi ilikuwa mbovu", hilo si deni, ni manung'uniko. Huwezi kuwa mdai, shahidi na hakimu kwenye vocha moja. Wakitaka kuidai, waidai kwenye jalada lake. Hili la madawati waliache.

Nimeacha la mhasibu mpaka sasa kwa sababu ndilo chungu. Ikiwa fedha kweli zimehamishwa, basi madawati 48 mnayatumia kama pazia. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nakuambia pazia la aina hii linapendwa sana, maana kila mtu analala vizuri: bosi anasema analinda fedha za umma, fedha wanasema wanasubiri idara, idara inasema inasubiri mzabuni. Kuna na binamu yake pazia hili, ule mchezo wa kumrudishia mtu ankara siku ya 29 kwa sababu imekosa mhuri, ili saa ianze upya. Marekani waliukata kwenye sheria yao ya malipo kwa wakati ya mwaka 1982: ankara yenye dosari irudishwe ndani ya siku saba na dosari yake itajwe, na serikali ikichelewa kulipa, riba inaongezwa yenyewe bila mzabuni kuiomba. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lao la mwaka 2011, wameweka siku 30 kwa taasisi za umma, na hata pale wanaporuhusu zaidi, ukomo ni 60. Wewe uko 68.

Usimshtaki mtu kwa mnong'ono. Andika dokezo kwenda kwa bosi uombe, kwa lugha ya kawaida kabisa, uthibitisho wa maandishi wa salio la kifungu cha bajeti cha madawati. Jibu litakuja au halitakuja. Vyote viwili vitakusaidia. Ikibainika fedha hazipo, hilo ni tatizo la afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, na mzabuni anastahili kuelezwa ratiba ya malipo badala ya kuambiwa madawati yake ndiyo sababu. Kumdanganya mtu kwamba umemzuilia kwa kasoro wakati umemzuilia kwa ukata, hiyo ndiyo dhuluma uliyoihisi.

Nikujibu sasa juu ya mkaguzi, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Mkaguzi atauliza kama umelipia mali mbovu. Utamwonyesha taarifa ya ukaguzi, orodha, makadirio ya fundi, barua ya zuio, na vocha inayoonyesha 4.5 haikutoka. Hapo hana hoja. Lakini mkaguzi huyohuyo ataangalia riba. Ikiwa mkataba wako una kifungu cha riba ya ucheleweshaji, siku 38 zimeshapita juu ya ile 95.5, na fedha itakayolipwa kama riba haikununua hata msumari. Hiyo ndiyo hoja ya ukaguzi inayoandikwa kwa jina lako, matumizi yasiyo na tija, na utetezi wa "bosi aliniambia kwa mdomo" haujawahi kumwokoa mtu.

Barua kwa mzabuni isiwe ndefu. Ningekuwa mimi ningeandika hivi:

"Rejea mkataba wetu wa madawati 600 na ankara yako tuliyoipokea tarehe fulani. Ukaguzi umebaini madawati 48 yenye kasoro kama orodha na picha zilizoambatishwa zinavyoonyesha. Madawati 12 yamekataliwa na unatakiwa kuleta mengine. Madawati 36 unatakiwa kuyarekebisha. Kwa mujibu wa kifungu fulani, tunazuia kiasi fulani, kikiwa ni bei ya madawati 12 na makadirio ya kurekebisha 36, mpaka kazi hiyo ikamilike na kukaguliwa. Kwa mujibu wa kifungu fulani, tunakata fidia ya wiki mbili za ucheleweshaji. Kiasi kilichobaki kinaingizwa kwenye malipo. Kama hukubaliani na hesabu hii, tuandikie ndani ya siku 14."

Mwache huo mlango wa mwisho wazi. Anaweza kukuletea jambo usilolijua, pengine madawati yaligongwa wakati vijana wenu wanayahamisha kutoka kwenye lori. Hili nalo litazame kabla hujatuma: yale 12 yaliyopinda, yamepinda upande mmoja? Yalikuwa chini ya rundo? Chuma kilichopindwa na uzito hakifanani na kilichotoka karakana kimepinda, na fundi mzuri atakuambia kwa kuangalia rangi ilipopasuka.

Barua itaandikwa na wewe lakini isainiwe na mwenye mamlaka. Ipeleke kwa bosi na dokezo la nusu ukurasa juu yake: thamani ya kasoro ni hii, tulichoshikilia ni hiki, siku zilizopita ni hizi, riba kwa siku ni hii. Riba ya siku moja iandike kwa tarakimu, mstari wa peke yake. Mabosi wengi hawasomi vifungu, ila tarakimu inayokua kila siku wanaisoma. Akikataa, muombe aandike kukataa kwake kwenye jalada hilohilo, kwa heshima: "Naomba maelekezo yako." Wengi wakifika hapo wanasaini barua.

Na ile simu ya "tuelewane". Ulifanya vema kukata, ila kukata simu hakuachi kumbukumbu. Andika maneno yake kama ulivyoyasikia, tarehe na saa, umpe mkuu wako au kitengo kinachohusika. Kuanzia leo usiongee naye peke yako juu ya malipo. Awepo mwenzako, au iwe barua. Sikutetei naye simtetei, anayeshawishi amekosea. Lakini jiulize alianza lini kulainika. Mtu mwenye barua mkononi inayosema imezuiwa 3.5 na kukatwa 1 kwa sababu hii na hii, anajua afanye nini ili alipwe. Mtu anayeambiwa kila asubuhi kwamba kuna mambo madogo, ataanza kujiuliza hayo mambo madogo ni kiasi gani.

Akishaleta yale 12 na kuchomelea yale 36, mkague asubuhi, watu watatu, kila dawati mkalikalie. Na ile 3.5 ilipwe bila yeye kuiomba tena.

Niandikie fundi akishayaangalia yale yaliyopinda. Nina hamu ya kujua rangi imepasukia wapi.

Mama Mshauri